Kuanza maisha Goma ukitoka kijijini: mwongozo kamili kwa familia isiyo na mtaji

Familia inayoshuka Goma, mashariki mwa Kongo, kutoka vijiji vya Masisi, Rutshuru au Walikale huulizwa swali moja na kila mtu: baba atafanya kazi gani? Swali si baya, ila limewahi mno. Kijijini maji yalikuwa ya mto, kuni za msituni, sombe (kisamvu) ya shambani, na nyumba haikuwa na mtu wa kuja kugonga mlango mwisho wa mwezi. Hapa vyote vinne vinanunuliwa, tena kila siku, tena kwa vipimo vidogo ambavyo ndivyo ghali kuliko vyote. Unaweza kubeba mizigo Birere, kitongoji cha biashara, tangu alfajiri hadi jua kuzama, na franka zote zikaishia kwenye bidoni (madumu ya lita 20) za maji, kifuko cha makala (mkaa) na kopo la unga. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kinachotoka mfukoni. Kinachoingia tutakifikia baadaye.

Nimeuandika nikiwaza familia ya watu saba hivi, iliyopanga chumba au kusimamisha kibanda cha mbao pembeni mwa mji, kule Ndosho, Mugunga, Majengo au Munigi. Wenye ndugu mjini wa kuwapokea wataruka hatua mbili tatu, ingawa nao wasijisahau. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na Goma hata pa kulitia hilo jembe ni shida.

Hatua ya 1: Angalia unapolala kabla hujalipa

Mtu wa kijijini hukagua paa na mlango. Goma kagua ardhi kwanza. Upande wa magharibi wa mji, kuelekea Lac Vert, Bulengo na Mugunga, na sehemu nyingine za kando ya ziwa, kuna mashimo na mabonde yanayotoa mazuku. Ni hewa ya kaboni inayopanda kutoka chini kwa sababu ya volkeno. Haionekani, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa tunayovuta, hujilaza chini kwenye vibonde, hasa usiku na alfajiri wakati upepo umetulia. Mtu mzima aliyesimama anaweza kupita salama huku mbuzi au mtoto aliye kimo cha magoti anaanguka.

Uliza wenyeji waliokaa hapo miaka mingi, si mwenye parsele (kiwanja) peke yake. Tazama kama kuna mijusi, ndege au wadudu waliokufa pasipo sababu, au kipande cha majani yaliyokauka katikati ya kijani. Ukiwa na shaka, simama pajuu, funga nyasi zinazowaka kwenye mti mrefu uziteremshe polepole: moto ukizimika ghafla kama umemwagiwa maji, hapo si pa kulala wala pa kuchezea watoto. Na mtu akianguka ndani ya shimo, usimkimbilie. Wengi waliokufa walikuwa wamekwenda kuokoa. Ita watu, mvuteni kwa kamba au mti mkiwa juu.

Ukisharidhika na ardhi, ongea bei. Mwenye nyumba atataka garanti (kodi ya kutanguliza) ya miezi kadhaa. Omba kuilipa kwa mafungu, na kila fungu liandikwe kwenye karatasi, hata ya daftari la mtoto, mbele ya shahidi mmoja anayeheshimika kwenye avenyu (mtaa). Siku hiyohiyo nenda kwa shefu wa avenyu ujiandikishe. Wengine huogopa kwa kudhani watadaiwa kitu, lakini familia isiyojulikana kwa shefu ndiyo husahauliwa msaada unapogawiwa, na ndiyo hukosa wa kuisemea ikidhulumiwa.

Choo nacho kiangalie kabla ya kulipa. Kuchimba kwenye jiwe la lava kunataka mtaimbo na siku nyingi, kwa hiyo vyoo vingi ni vifupi na hujaa upesi. Ukikuta familia nyingi zinatumia kimoja, patana nao zamu ya kusafisha tangu mwanzo, na weka kopo la majivu la kumwagia kila baada ya matumizi.

Hatua ya 2: Maji

Goma iko kando ya ziwa kubwa, mvua zinanyesha sehemu kubwa ya mwaka, na bado watu wanalia maji. Sababu iko chini ya miguu: lava ina matundu na nyufa, mvua ikinyesha inazama papo hapo. Hakuna mto unaopita mjini, hakuna kijito. Mabomba yapo, ila kwenye kartie (vitongoji) nyingi za pembeni yanapita mbali au yanakaa siku nyingi bila tone.

Familia ya watu saba ikitumia lita 15 kwa mtu, kiasi cha kunywa, kupika na kuoga kwa kujibana, inahitaji lita 105 kwa siku, yaani bidoni tano na kidogo. Zidisha na bei ya bidoni kwenu, kisha zidisha na siku 30. Fanya hesabu hiyo mkiwa wote mmekaa, watoto wakubwa wakisikia. Baada ya hapo hamtabishana tena kuhusu kununua mfereji wa paa.

Kwa sababu paa ndilo chemchemi yako. Kibanda cha mita 4 kwa 5 kina paa la mita 20 za mraba. Mvua ya milimita 10, ambayo kwa Goma ni mvua ya kawaida ya alasiri, inamwaga juu yake lita 200. Toa zinazoruka na kuvuja, unabaki na kama lita 160: bidoni nane, bure, bila mtoto kwenda kisimani. Mvua kubwa ni za Septemba hadi Desemba na Machi hadi Mei. Juni hadi Agosti ndiyo miezi mikavu, na hapo utarudi kununua.

Mfereji hauhitaji kuwa wa dukani. Chukua kipande kirefu cha bati kuukuu, kikunje katikati juu ya ukingo wa mbao kwa kukigonga taratibu na jiwe, kifunge kwa waya chini ya ukingo wa paa, upande mmoja ukishuka upana wa vidole vitatu kuliko mwingine. Mwishoni weka pipa au karai pana lenye kitambaa juu. Dakika kumi za kwanza za mvua acha maji yaende zake, yanaosha vumbi, kinyesi cha ndege na majivu ya volkeno.

Sasa, tahadhari ambayo haimo kwenye miongozo ya miji mingine. Moshi wa Nyiragongo, volkeno iliyo juu ya mji, una asidi na fluori, na mvua inayopita ndani yake huvibeba. Upepo mara nyingi hupeleka moshi upande wa magharibi, kuelekea Rusayo na Sake. Fluori nyingi ndiyo inayowatia watoto madoa ya kahawia kwenye meno, na kwa muda mrefu inaharibu mifupa. Kuchemsha hakuiondoi, kunaizidisha kwa sababu maji yanapungua na yenyewe inabaki. Kwa hiyo, kama uko upande wa moshi au umeona majivu yakianguka, maji ya paa yawe ya kufua, kuoga, kuosha vyombo na kumwagilia, na ya kunywa nunua ya bomba. Hata hivyo utakuwa umepunguza bidoni za kununua kutoka tano hadi moja au mbili.

Maji ya ziwani yanatibiwa bila ubishi, maana kipindupindu hapa si hadithi. Mwaka 1994 kiliua maelfu ya wakimbizi kuzunguka mji huu na hakijawahi kuondoka kabisa. Chuja kwa kitenge kikuukuu kilichokunjwa mara nne, kisha chagua njia moja kati ya hizi.

Klorini: kwenye baadhi ya sehemu za kuchotea kuna watu wanaotia kipimo kwa sirinji kwenye kila bidoni. Usiwakwepe kwa haraka, na ukifika nyumbani subiri nusu saa kabla ya kunywa. Ukinunua ya dukani, fuata kipimo cha kwenye chupa.

Kuchemsha: dakika moja ya kutokota kwa nguvu inatosha. Goma iko kwenye mita 1,500 hivi na maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, lakini vijidudu hufa vilevile. Kuchemsha nusu saa ni kuchoma makala bure.

Jua: chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, maji yasiyo na tope, lala juu ya bati saa sita za jua kali au siku mbili mfululizo kukiwa na mawingu. Ni njia ya maskini, nami ndiyo naipenda zaidi, ila inadai chupa nyingi na nidhamu ya kutofungua ya leo kabla ya zamu yake.

Bidoni yenyewe ioshwe kila wiki. Tia konzi mbili za changarawe nyeusi, ile iliyojaa kila njia ya Goma, pamoja na sabuni kidogo na maji ya kufunika kitako. Funga, tikisa kwa nguvu ukiigeuza pande zote mpaka maji yatoke ya kijani. Ule utelezi wa ndani ndiyo makazi ya wadudu, na ukiuacha, klorini yote itaishia kupigana nao.

Mtu akiharisha maji kama ya mchele, mpe mara moja: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chai cha chumvi. Anywe kidogo kidogo njia nzima mkimpeleka kituo cha afya. Usizidishe chumvi, na usisubiri asubuhi.

Hatua ya 3: Moto

Makala yanakula pesa kimyakimya. Anza kwa kuacha kununua kifuko. Ungana na majirani wawili watatu, nunueni gunia, na kabla ya kulipa ingiza mkono hadi chini: wauzaji hupanga vipande vizuri juu na kujaza chenga katikati. Makala ya mti mgumu ni mazito na yakigongana yanalia kama chuma. Ya mkaratusi ni mepesi, yanawaka haraka na kwisha haraka.

Maharagwe ndiyo yanayomaliza gunia, na dawa yake ni kapu. Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, pika kwa maji mapya yakitokota nusu saa nzima. Halafu chukua sufuria ikiwa bado inachemka, kifuniko kimekaza, uiweke ndani ya kapu kubwa uliloshindilia nyasi kavu na blanketi kuukuu chini na pembeni, ufunike juu kwa matambara mazito. Usifungue kwa saa nne au tano. Yanaendelea kuiva kwa joto lake mwenyewe huku mbabula (jiko la makala) imezimwa. Sufuria iwe imejaa theluthi mbili angalau, maana iliyo tupu inapoa. Kabla ya kula yachemshe tena, ndipo utie chumvi.

Chenga zinazobaki usizitupe. Zichanganye na uji mwepesi wa unga wa muhogo, kidogo tu: donge likishikana kwenye kiganja bila kutiririka, limetosha. Shindilia kwenye kopo, toa, anika kwenye bati siku tatu za jua. Madonge hayo hayawaki kwa haraka, kwa hiyo yatie juu ya makala yaliyokwisha kukolea.

Usiku wa baridi, mbabula itoke nje. Kulala na makala yanayofuka ndani ya chumba cha mbao kilichofungwa kunaua familia nzima bila kelele.

Hatua ya 4: Chakula

Hesabu makopo mangapi ya gigozi (kopo la maziwa ya unga linalopimia sokoni) yanajaza gunia la maharagwe au unga, zidisha na bei ya kopo, kisha uliza bei ya gunia zima. Tofauti utakayoiona ni kodi unayolipa kwa kukosa mtaji. Njia ya kuikwepa ni ileile ya makala: familia tatu nne, gunia moja, kugawana mbele ya wote kwa kopo lilelile.

Muhogo mchungu ni mtego kwa waliokimbia wakiwa na njaa. Unalowekwa siku tatu hadi tano, unakaushwa vizuri, ndipo unasagwa. Kuukatia njia kunaacha sumu inayoweza kulemaza miguu ya watoto na akina mama. Ukiuziwa unga usioujua ulikotoka, uloweshe kwa maji, utandaze mwembamba kwenye sinia saa mbili juani au saa tano kivulini, sumu iruke, kisha songa bugali siku hiyohiyo.

Nyama sahau kwa sasa. Sambaza, samaki wadogo wa ziwani, waliokaushwa, konzi moja kwenye sombe, wanatosha kumkuza mtoto. Samaki hao waliletwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, leo ndio wanaotulisha.

Hatua ya 5: Bustani ya gunia na kobayi

Lava haina udongo, lakini gunia linaweza kuwa shamba. Tafuta gunia lisilotoboka. Changanya udongo mweusi mafungu mawili na mbolea ya mbuzi au ya kobayi (simbilisi) iliyokaa miezi, fungu moja. Simamisha katikati ya gunia kopo kubwa lisilo na kitako, lijaze vijiwe, mwaga udongo kuzunguka, kisha livute juu na kulijaza tena, mpaka uwe na mnara wa mawe kutoka chini hadi juu. Maji ukiyamwaga kwenye mawe yanafika kila upande. Bila huo mnara, juu kutakuwa tope na chini vumbi. Toboa vitundu pembeni vya kupitisha vidole viwili, panda humo miche ya shu (kabichi) au sereri (seleri), na juu mwaga mbegu za lengalenga (mchicha). Maji ya kuoshea mboga na mchele yanatosha kumwagilia, ya sabuni nyingi hapana.

Lengalenga utaanza kukata wiki ya nne au ya tano. Kata ukiacha shina la urefu wa kiganja, litachipua tena. Magunia manne yanaondoa mboga kwenye orodha ya sokoni karibu siku zote.

Kobayi ndiye mfugo wa mtu asiye na kiwanja. Analala jikoni, anakula majani na maganda ya ndizi, haibiwi kirahisi kama mbuzi, na siku ya kukimbia anaingia kwenye kikapu. Mimba yake ni siku 68 hivi na huzaa watoto wawili hadi wanne. Anza na dume moja na majike matatu. Majani mabichi kila siku, maana bila hayo anaugua. Dume mbadilishane na jirani kabla hajaanza kupanda binti zake.

Hatua ya 6: Pesa ya kuingia

Kazi za kwanza zinajulikana: kuponda mawe ya lava kuwa changarawe, kubeba mizigo, kufua, kusukuma chukudu (skuta ya mbao ya kubebea mizigo). Mponda mawe asikae bila miwani au angalau wavu machoni, kipande kimoja kinatosha kumpofusha. Chukudu usikope kununua. Ikodi kwanza, uone kama magoti yako na njia za huko vinapatana.

Ila mimi ningemwambia baba yeyote aanze na ufundi aliokuja nao. Anayejua kusuka vikapu, kuchonga mipini, kutibu mbuzi, kukamua au kutengeneza jibini la Masisi ana kitu ambacho vijana wa mjini hawana. Wengi huona aibu na kukimbilia kubeba mizigo pamoja na maelfu wengine, na ndiko bei ya mkono iko chini kabisa.

Mama akianza kuuza, kanuni ni moja: bidhaa ya kwanza iwe ile ambayo ikikosa mnunuzi, watoto wataila. Ndizi, viazi, unga, sambaza. Soko la Kituku, pale mitumbwi inapotia nanga, ndipo pa kununulia asubuhi na kwenda kuuzia kwenye avenyu za ndani. Pesa ya kununulia ikae kwenye fundo lake, faida kwenye fundo lingine. Mtoto akilia njaa, fungua la faida.

Hatua ya 7: Kuweka pamoja

Mabenki ya Goma yalipofungwa mwishoni mwa Januari 2025, waliokuwa na akiba huko walibaki wakitazama milango. Likelemba zenyewe, yaani vikundi vya kupeana pesa kwa zamu, ziliendelea kukutana, na mgeni asiyejulikana huingia hizo kwanza: watu kumi, kila mmoja anatoa sawa kila wiki, mmoja anabeba zote. Omba zamu ya mwisho. Mgeni akiomba ya kwanza watu wanashtuka, na wana haki.

Mkishazoeana, AVEC (chama cha kijiji cha kuweka na kukopa) ni bora, kwa sababu pesa inakopeshwa na kuzaa. Wanachama 15 hadi 25, kila kikao mtu ananunua hisa moja hadi tano na kugongewa muhuri kwenye kijitabu, kuna mfuko mdogo wa ugonjwa na msiba, na baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili mnagawana. Kisanduku kina kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na kisanduku kwa wa nne. Hesabu zitangazwe kwa sauti mwisho wa kila kikao, hata waliokosa shule wazikariri.

Hatua ya 8: Karatasi, watoto na siku ya kukimbia

Mtoto aliyezaliwa aandikishwe ndani ya siku 90, baada ya hapo mambo yanakuwa magumu na ya gharama. Shule ya msingi ya serikali ni bure tangu Septemba 2019, ingawa daftari na sare utazitafuta. Mtoto aende hata akiwa na daftari moja.

Nyiragongo imemwaga lava mwaka 1977, 2002 na tarehe 22 Mei 2021, na mara hiyo ya mwisho, siku tano baadaye, kartie kumi ziliamriwa kuhama. Watu walimiminika Sake na Gisenyi ya Rwanda, na watoto wengi walipotezana na wazazi njiani. Jifunze rangi za bendera za tahadhari: kijani, njano, rangi ya machungwa, nyekundu. Ning'iniza karibu na mlango mfuko mmoja: kadi ya mchaguzi, vyeti na kijitabu cha AVEC ndani ya plastiki mbili, tochi, chumvi na sukari, klorini, shuka moja, bidoni ndogo ya lita 5 iliyojaa. Mtoto mdogo ashonewe ndani ya nguo kitambaa chenye jina lake, jina la mama na namba ya simu. Mkubaliane pia mahali pawili pa kukutana mkipotezana, pa kwanza upande wa Sake na pa pili upande wa Gisenyi, kwa kuwa hamjui lava itakata njia ipi. Watoto wapelekwe kwa miguu mpaka pale, mchana, wapaone kwa macho yao.